MKONO WA KUAZIMA

Ndugu wafanyakazi,

Wazee wetu waliokwenda kazi mashambani zamani, wengi wao hawakujua kusoma. Karani aliwasomea mkataba, nao wakatia dole gumba. Barua ya nyumbani pia iliandikwa na mtu mwingine. Karani mwaminifu aliandika yale aliyoambiwa. Karani mbaya aliongeza yake, na mwenye barua hakuwa na njia ya kujua. Basi sisi twajua sana maana ya kusomewa na kuandikiwa.

Leo twataka kusema juu ya watoto wetu. Wako watoto katika Meru na Embu wenye akili nzuri ya masomo, lakini mikono yao haiwezi kushika kalamu, kwa sababu ya mtindio wa ubongo au ajali. Wengine hawaoni. Kwa wasioona iko shule ya St. Lucy huko Igoji, na Baraza la Mitihani (KNEC) hutoa mitihani ya Breli na ya maandishi makubwa. Lakini mtoto asiyeweza kutumia hizo huhitaji mtu wa kumsomea maswali au kumwandikia majibu. Jambo hili huruhusiwa, likiombwa mapema. Tena Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yasema kwamba mwenye ulemavu ana haki ya kupata elimu na kutendewa kwa heshima.

Wako wasemao kwamba huu ni wizi wa mtihani. Sivyo. Mwandishi ni mkono tu, wala si kichwa. Huandika neno alilosema mtoto, hata kama ni kosa. Msomaji husoma swali kama lilivyo. Halielezi, wala hakazi sauti penye jibu. Katika hesabu, mtoto mwenyewe husema tarakimu iwekwe wapi. Akimaliza, husomewa alichosema. Mwandishi atakayetia neno lake moja, hata kwa huruma, amemwibia mtoto haki yake, kwa maana mtihani huo si wake tena.

Kazi hii yataka mtu mwenye subira, mwenye mwandiko wa kusomeka, na ajuaye masomo yenyewe kiasi cha kuandika maneno yake sawasawa. Yataka pia sikio. Mtoto wa Igembe au wa Mbeere ambaye ulimi wake ni mzito hataeleweka na mgeni aliyeletwa asubuhi ya mtihani. Lakini asiwe baba yake, wala mwalimu wake wa somo lile, ili pasiwe na shaka. Basi ni lazima wawili hawa wazoeane miezi kadhaa mbele, kwa mitihani ya mazoezi.

Ndugu, katika viwanda vya chai vya Kinoro, Michimikuru, Mungania na Rukuriri, na katika maofisi ya miji yetu, wako vijana waliomaliza Kidato cha Nne. Hao wanaweza kazi hii. Twawaomba waende kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, wajitolee majina.

Lakini kujitolea jina si kufanya kazi bure. Kukaa chumbani siku nyingi za KCSE ni kazi, na kazi ina malipo na nauli, yaliyopatanwa kabla. Wala gharama hiyo isimwangukie mzazi ambaye ni kibarua. Hilo ni jambo la kudai kwa serikali.

Nawe mzazi, usingoje Oktoba. Mwanzoni mwa mwaka, wakati wa kuandikisha watahiniwa, nenda shuleni na barua ya daktari, useme mtoto wako anahitaji nini, na uulize kama ombi limepelekwa. Ukijibiwa vibaya, njoo ofisini kwa katibu wa tawi. Usirudi nyumbani kimya.

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Mtoto huyu anaomba mkono mmoja tu, tena mwaminifu. Tusimnyime.

Umoja ni nguvu.