Ganda la Yai

Kuku akitaga yai lenye ganda laini, wako wasemao kwamba nyumba imerogwa. Sivyo, mara nyingi amepungukiwa na chokaa tu. Maana ganda ni chokaa, nayo hutoka katika chakula. Ndani ya kuku huganda juu ya utando wa yai, chembe kwa chembe, mfano wa chumvi igandavyo. Kazi hiyo huchukua saa 20 hivi, nyingi zake usiku. Chakula kisipotosha, kuku huitoa chokaa katika mifupa yake mwenyewe (nasi twastaajabu sana), hata miguu ikalegea. Basi wapeni kuku maganda ya konokono au ya mayai, yaliyokaushwa motoni na kusagwa sana, wasije wakajizoeza kula mayai yao.