Sawa kwa kipimo gani?

Mwanahisabati akiandika [4], huenda hamaanishi nne peke yake. Anaweza kuwa anataja kundi zima la namba zinazohesabiwa kuwa sawa na nne. Lakini sawa kwa kipimo gani? Tukigawa kwa 3 na kutazama baki, [1] na [4] ni kundi moja. Tukigawa kwa 2, ni makundi mawili. Ndiyo maana mwandishi makini huweka pembeni mwa mabano alama ya uhusiano anaoutumia. Naona sisi wanaisimu tungeiga desturi hiyo.

Kwetu mabano ya mraba hubeba sauti iliyotamkwa. Kundi, yaani fonimu, hukaa kati ya mistari ya mshazari. Tofauti hiyo haina madhara. Madhara huanza tunaposema sauti mbili ni "sawa" bila kutaja kipimo.

Tuchukue Kinande cha hapa Butembo na Beni. Kina irabu saba zinazotofautisha maana, lakini wengi wetu tunakiandika kwa herufi tano. Kiambishi cha kitenzi-jina hutamkwa [eri] katika erihuka, kupika, na [ɛrɪ] katika erilima, kulima. Irabu ya mzizi ndiyo inayoamua. Kwa kipimo cha maana, matamshi hayo ni kundi moja, na kuandika eri- kotekote hakupotezi kitu. Lakini ipo erilima nyingine, ambayo mzizi wake una [i] badala ya [ɪ]: kuangamiza. Sikio huvitenganisha vitenzi hivyo tangu irabu ya kwanza. Herufi zetu zinavitia katika kundi moja. Na hapo sijagusa toni, ambazo Ngessimo Mutaka alizitungia kitabu kizima mwaka 1994.

Najua nitajibiwa kwamba muktadha unatosha, na kwamba kuandika ɪ kwenye simu ni taabu. Kwa aliyekulia ndani ya lugha, sawa. Lakini kidahizo cha kamusi hakina muktadha, na mtoto anayeanza kusoma ana herufi tu mbele yake.

Sidai kila ujumbe uandikwe kwa irabu saba. Nadai kwamba anayependekeza tahajia, au anayeandika tasnifu kuhusu lugha zetu, aanze kwa kutaja uhusiano wake: nini kinahesabiwa sawa na nini, na kwa faida ya msomaji yupi. Asipoutaja, hatuwezi hata kumkosoa.