Boksi Tupu la Dawa si Dawa

Sisi tulioko Ukerewe tumezoea kuitwa wabeba boksi. Leo naomba tuzungumzie maboksi ambayo hayabebwi na mtu. Yamechapwa kwenye karatasi, na wenye nazo huyatundika ukutani.

Mwaka 1999 msanii wa Kiingereza Damien Hirst alitoa picha 13 za chapa, akaziita Karamu ya Mwisho. Kila moja ina kimo cha mita moja na nusu hivi, nayo inaiga boksi la dawa: rangi, herufi, hata miligramu. Ila jina la dawa kaliondoa, akaweka la chakula cha kabwela wa Kiingereza: maharage na chipsi, soseji, nyama ya kopo. Palipokuwa na jina la kampuni kaweka lake mwenyewe. Tate wanazo.

Wanaomtetea husema anatufumbua macho: mtu wa leo humeza kidonge kwa imani ileile ambayo babu yake alipokea komunyo. Sawa, hoja ina mashiko. Lakini hiyo ni hoja ya aliyeshiba dawa. Huyo ndiye mwenye nafasi ya kujiuliza kama anaiamini mno.

Kwetu boksi tupu lina kazi nyingine. Shangazi yangu kule nyumbani hatupi boksi la dawa yake ya presha. Hulipiga picha na kunitumia, nami nalisoma herufi kwa herufi nijue kinachotakiwa na kitagharimu kiasi gani. Kwake boksi lile ni barua ya maombi. Nani kati yetu hajawahi kuipokea barua ya namna hiyo?

Tukumbuke pia mwaka 2001. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ziliuzwa katika nchi tajiri kwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuwa itaziuzia asasi ya Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350. Mwaka huohuo Bunge la Kenya likapitisha sheria ya kufungua mlango wa dawa za bei nafuu. Ugomvi wote ulikuwa juu ya jina la nani limeandikwa kwenye boksi. Hirst alilichezea jina hilohilo, akalifanya lake. Mgahawa wake wa Notting Hill, ulioitwa Pharmacy, ulipofungwa mwaka 2003, vitu vyake vilipigwa mnada Sotheby's mwaka uliofuata kwa zaidi ya pauni milioni 11.

Mtasema sanaa haina wajibu wa kutaja bei wala mgonjwa. Basi nendeni mkaulizie kazi iitwayo Kutoka Utotoni hadi Kaburini, iliyowekwa British Museum mwaka 2003. Msanii wa vitambaa Susie Freeman, mwenzake David Critchley na daktari Liz Lee walitengeneza vitambaa viwili virefu vya wavu, kimoja cha mwanamume na kimoja cha mwanamke. Ndani ya kila kimoja walifuma vidonge zaidi ya 14,000, kadirio la dawa anazoandikiwa Mwingereza wa kawaida maisha yake yote. Kandokando waliweka picha za familia: harusi, watoto, wazee. Pale unamwona mtu, na anayetoka kwetu anaweza kujipigia hesabu kitambaa cha shangazi yake kingekuwa na vidonge vingapi.

Hilo ndilo ninalomdai Hirst. Hapa London mfamasia hakupi boksi la dawa uliyoandikiwa kabla hajabandika kikaratasi chenye jina la mgonjwa. Kwenye picha zile 13 kikaratasi hicho hakipo. Kampuni imepata mrithi, chakula kimepata nafasi, mgonjwa kasahauliwa.

Tuwapeleke watoto wetu wakazione, lakini tuwafundishe kuuliza: hii dawa ni ya nani? Boksi lisilo na jina la mgonjwa ni boksi tu, na ya kubeba tunayo ya kutosha.