Kinanda kina ruhusa gani ambayo zeze halina?

Wapo waumini wanaoamini kwa dhati kwamba tenzi huimbwa kama zilivyochapishwa: sauti nne, kinanda, basi. Kijana akiingia na zeze na kuanza kutia vionjo vyake kwenye tuni, minong'ono inaanza kwamba kanisa limehamia kwenye matambiko.

Imani hiyo haina mguu wa kusimamia.

Kinanda chenyewe kina historia yake. Mababu zake wa enzi za Warumi walipigwa viwanjani watu wakichinjana; mozaiki ya Nennig, Ujerumani, inamwonyesha mpigaji akiwa kazini. Hakuna mzee wa kanisa aliyekifukuza kwa asili hiyo. Hata ile tuni ya mateso ambayo mtunzi Bach aliirudia mara kadhaa katika utunzi wake wa Mateso ya Mathayo ilitungwa na Hans Leo Hassler, ikachapishwa mwaka 1601 kama wimbo wa mtu aliyevurugwa na mapenzi.

Na vionjo je? Februari 1706 Bach mwenyewe, kijana wa miaka 20, aliitwa mbele ya wakuu wa kanisa mjini Arnstadt na kukemewa kwa kuchomeka mapambo ya ajabu kwenye tuni hadi waumini wakachanganyikiwa. Wakuu wale, kusema kweli, walikuwa na hoja. Lakini hoja yao ilikuwa ufundi, si chombo.

Fundi wa zeze hashindani na waimbaji. Wakishikilia neno, anakaa chini ya sauti yao. Wakivuta pumzi mwishoni mwa mstari, hapo upinde unakimbia, unajaza nafasi, kisha unawarudisha kwenye noti yao. Kayamba inashika mwendo. Anayepiga bila kusikiliza na akae benchi, na mpiga kinanda wa tabia hiyo akae naye.

Wala haya hayakuanza jana. Kamina, Katanga, mwaka 1958, kwaya ya Padri Guido Haazen iliimba Missa Luba kwa ngoma, nyingi ya sehemu zake zikiwa zimejengwa na waimbaji wenyewe bila noti. Miaka mitano baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikani ukaagiza muziki wa jadi upewe heshima yake katika ibada. Kwa Walutheri, Mfurahini, Haleluya ya Bernard Kyamanywa, ya mwaka 1966 kwa tuni ya Kihaya, imo hadi katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani.

Huku nyumbani, kuna sharika ambako marimba hutolewa stoo askofu akija na wageni. Jumapili inayofuata inarudi stoo, na kibodi ya umeme inapiga midundo ya rumba iliyopangwa kiwandani, wala hakuna anayenung'unika.