Masomo Yasiyomwondoa Muuguzi Kando ya Mgonjwa



Katika vijiji vya Nzilo, kaskazini mwa Kolwezi, muuguzi ndiye tabibu, ndiye mkunga, ndiye mshauri wa nyumba nyingi. Wauguzi wengi tulio nao ni wa kiwango cha A2: walisoma sekondari ya uuguzi, wakapata diploma ya serikali. Wanatamani kupanda hadi masomo ya juu, na tamaa hiyo ni njema. Lakini njia waliyozoea kuonyeshwa ni moja tu: kuacha kituo, kwenda Kolwezi au hata Lubumbashi, na kukaa huko miaka mitatu au zaidi.

Tunapohesabu gharama ya masomo hayo, tunataja karo, kodi ya chumba na nauli. Ipo gharama nyingine isiyoandikwa popote, nayo hulipwa na wagonjwa waliobaki. Kituo chenye wauguzi wawili kikimtoa mmoja, aliyebaki hana tena usiku wa kulala, na mama anayeshikwa na uchungu saa nane za usiku hana hakika ya kukuta mlango wazi. Tena, aliyekwenda mjini mara nyingi harudi. Makampuni ya shaba na kobalti yana zahanati zao na mshahara wa kila mwezi, wakati wauguzi wengi wa vijijini hawajaingia bado katika orodha ya mishahara ya serikali. Hatumlaumu mtu anayetafuta chakula cha watoto wake. Tunauliza tu kama ni lazima asome kwa njia inayomtenga na wagonjwa wake.

Jibu letu ni kwamba si lazima. Muuguzi anaweza kusoma akiwa kazini, mbali na chuo, mradi masomo hayo yapangwe kwa uaminifu. Wapo watakaoguna: je, kuchoma sindano hufundishwa kwa simu? Swali hilo ni la haki. Nadharia ya mwili, dawa na magonjwa yaweza kusomwa mbali. Mikono hufundishwa kitandani, chini ya jicho la mwenye ujuzi. Lakini muuguzi aliye kazini anacho kitanda hicho kila siku. Anachokosa ni msimamizi.

Sisi tuliosomea ualimu tunao mfano wa Tanzania. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilitaka kila mtoto asome, na vyuo vya ualimu havikutosha. Kuanzia mwaka 1976, vijana walipelekwa katika shule za vijijini, wakafundisha huku wakijifunza kwa vitabu vya masomo, redio na waratibu wa karibu, kisha wakamalizia chuoni kwa muda mfupi. Zaidi ya 35,000 walifuzu. Ubora wao ulibishaniwa, na ubishi huo ni funzo: masomo ya mbali hudhoofika pale msimamizi anapokosekana.

Kenya ilitumia njia ya namna hiyo kwa wauguzi. Mwaka 2005, shirika la Amref pamoja na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walianzisha mafunzo kwa kompyuta, wakilenga wauguzi wapatao 22,000 wenye cheti, ili wafikie kiwango cha diploma. Kompyuta ziliwekwa hospitalini na katika vyuo, na wanafunzi waliendelea na kazi zao. Kwa vyuo vya bweni peke yake, idadi hiyo ingengoja vizazi.

Kwetu nchini Kongo, mfumo wa LMD ulioenezwa tangu mwaka wa masomo 2021-2022 unahesabu masomo kwa krediti. Krediti iliyokwisha kupatikana hubaki ya mwanafunzi. Basi hakuna aibu muuguzi akitumia miaka mitano mahali pa mitatu.

Hata hivyo, tusiyaite masomo haya rahisi. Yakiachwa mabegani mwa muuguzi peke yake, atayalipa kwa usingizi wake. Na wengi wao ni akina mama, ambao zamu ikiisha wanangojwa na jiko. Mwajiri ampe saa za kusoma zilizoandikwa katika ratiba ya zamu, si kwa hisani ya siku moja moja. Chuo kiwe kinachotambuliwa na serikali, na muuguzi aulize hilo kabla ya kulipa franka ya kwanza, maana karatasi isiyotambuliwa ni hasara mara mbili. Daktari wa hospitali kuu ya zoni ya afya akubali kusimamia mazoezi yake.

Nasi tunayo sehemu yetu. Bwawa la Nzilo limeipa migodi umeme tangu miaka ya 1950, na bado nyaya hupita juu ya nyumba zisizo na taa. Parokia yenye paneli za jua iwafungulie wauguzi chumba chenye mwanga jioni. Jumuiya zetu huchanga kwa ajili ya msiba bila kusukumwa. Zichange pia mega za intaneti za yule anayetuzalishia wake zetu na binti zetu. Msamaria alimlipa mwenye nyumba ya wageni amtunze majeruhi hadi atakaporudi. Wajibu huo haukuisha: tunapomsaidia muuguzi asome bila kuondoka, tunamtunza mgonjwa ambaye bado hatujamjua.