Mwanza, Jirani wa Ng'ambo: Nasaha za Safari kwa Familia



Mpenzi msomaji, dada mmoja wa Migori aliniuliza swali ambalo limenikaa moyoni. "Kila asafiriye hutusimulia Dubai na Istanbul. Je, sisi tusio na nauli ya ndege, tukae tu nyumbani?" Leo namjibu kwa safari niliyoifanya mwenyewe, kwa basi, kutoka Homa Bay hadi Mwanza. Mwenzangu njiani alikuwa mavyaa wangu, mama aliyekwisha kupita miaka 70.

Mwanza ni mji wa pili kwa ukubwa katika Tanzania. Umejengwa juu ya majabali, ukingoni mwa ziwa lile lile ambalo watu wa Homa Bay hulitazama kila asubuhi. Lakini mavyaa wangu hakwenda kwa ajili ya majabali. Ndugu yake wa tumbo moja alikuwa mfanyabiashara wa samaki, na tarehe 21 Mei 1996 alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba, iliyozama ikiwa njiani kutoka Bukoba kwenda Mwanza. Mamia ya watu walifariki. Wengi wao hawakutambuliwa, wakazikwa pamoja mahali paitwapo Igoma. Mwili wa ndugu yake haukuonekana, na hakuna aliyeweza kumwambia kama yumo Igoma au amebaki majini. Miaka yote hiyo mama alitamani kufika, na kila mwaka palikuwa na udhuru. Mwaka huu alisema, "Mwanangu, nipeleke nikiwa bado na miguu."

Basi haya ndiyo ninayowausia, kwa mpango tulioufuata.

Kwanza ni mpaka. Kutoka Homa Bay tulipitia Rongo na Migori hadi Isebania, na ng'ambo yake ni Sirare. Chukueni pasi ya kusafiria au hati ya muda, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kila mtu chake, hata watoto. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, kwani Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2017. Na fedha msizibadilishe barabarani. Mimi nilibadilisha kwa kijana aliyekuwa akitembea na bunda mkononi. Alizihesabu mbele ya macho yangu, akazikunja, akanipa. Nilipozihesabu tena ndani ya basi zilikuwa zimepungua. Shilingi ya Tanzania ina sufuri nyingi, na mgeni hupotea katika sufuri hizo. Nendeni benki au duka rasmi la fedha, na hesabuni papo hapo kabla ya kuondoka dirishani.

Pili ni njia yenyewe. Kutoka Sirare hadi Mwanza ni mwendo wa saa tano au sita. Mtapita Tarime, mtavuka Mto Mara katika daraja la Kirumi, kisha Bunda na Lamadi, ambapo mbuga ya Serengeti inakaribia barabara, na baadaye Magu. Kaeni upande wa dirisha, watoto watafurahi. Basi husimama kwa muda mfupi tu, kwa hiyo chukueni chupa ya maji ya udhu na msala mwepesi. Sisi tuliziswali Adhuhuri na Alasiri kwa kufupisha na kuzikusanya tuliposimama Bunda, pembeni mwa duka la mama mmoja aliyetupisha kivulini bila ya kuulizwa mara mbili.

Tatu ni lugha, na hili nalitilia mkazo. Wenyeji wa bara la Kenya tumezoea kusema "nipe maji" na hatuoni kosa. Mwanza neno hilo huchoma sikio. Semeni "naomba maji". Anzeni na salamu kabla ya haja, na kwa mkubwa semeni "shikamoo". Wasomaji wetu wa pwani hawatapata taabu hapa, kwani ndivyo walivyolelewa. Nilimwona mama mmoja wa kutoka kwetu akipandishiwa bei ya vitenge kwa sababu alianza na "hii pesa ngapi?" Mavyaa wangu alipokuja nyuma yake, akamsalimu muuzaji, akamuuliza hali ya watoto, bei ikashuka kabla hajaomba. Mkijua na salamu ya Kisukuma ya asubuhi, "mwangaluka", mtaona meno ya watu.

Majina ya samaki nayo hubadilika mpakani. Omena wetu kule ni dagaa, mbuta ni sangara, na ngege ni sato. Soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ni mahali pa kwenda asubuhi na mapema. Vaeni viatu vilivyofungwa, shikeni watoto mikono, na msizibe njia ya wachukuzi, maana gunia la dagaa halingoji mtu. Humo mavyaa wangu alisikia wanawake wakizungumza Kijaluo. Walikuwa wenyeji wa Rorya. Akakaa nao juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa muda mrefu kuliko alivyokaa nami safari nzima.

Nne ni malazi na chakula. Nyumba nyingi za wageni zina baa chini yake, na kelele zake huendelea hadi usiku wa manane. Ulizeni kabla ya kulipa. Sisi tulielekezwa na wanawake tuliowakuta msikitini, tukapata nyumba safi yenye vyandarua, isiyo na ulevi. Kuhusu nyama, msione haya kuuliza imechinjwa na nani. Ni swali la kawaida kule na hakuna atakayekasirika. Onjeni wali kwa sato wa kukaanga. Onjeni pia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Ni zawadi nzuri ya kurudi nayo, haiozi wala haina uzito.

Tano ni matembezi. Jabali la Bismarck, lililosimama majini kama limewekwa kwa mkono, huonekana bila ya malipo. Nendeni jua linapokaribia kuchwa. Kisiwa cha Saanane, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ni safari fupi ya boti, na watoto wataona pundamilia, swala na pimbi. Chukueni vitambulisho, kwani raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio nafuu kuliko wageni wa mbali. Valisheni watoto maboya bila ya kujali wanavyolalamika. Wala msiwaache wakacheza majini ukingoni, maana ziwa hili lina kichocho. Mwenye nafasi ya siku moja zaidi aende Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, au avuke daraja jipya la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Zamani hapo watu walingoja kivuko kwa saa nyingi.

Igoma tulikwenda siku ya mwisho. Haiko mbali na katikati ya mji, ni njia hiyo hiyo ya kurudia Musoma. Wanavyuoni wamehitilafiana katika suala la wanawake kuzuru makaburi, na mavyaa wangu alikwisha kuamua tangu Homa Bay kwamba hataingia. Tulisimama kando ya njia. Aliinua mikono, akawaombea wote, kwa kuwa hakujua wake yuko wapi. Kijana wa bodaboda aliyetuleta alizima pikipiki yake, akavua kofia ya chuma, akangoja kimya mpaka mama aliposhusha mikono. Alikuwa hata hajazaliwa mwaka ule. Alipoulizwa nauli ya kungoja, alisema hakungoja.

Katika basi la kurudi mama hakusema neno mpaka tulipopita Magu. Kisha akaniambia, "Nilidhani nitaona mji wenye msiba. Kumbe watu wanauza samaki, wanacheka, wanaoza watoto wao. Ndugu yangu hakuachwa mahali pabaya." Usiku ule alilala safari yote hadi Tarime, kichwa chake begani kwangu.

Dada yangu wa Migori, hilo ndilo jibu langu. Kuna watu wa nyumba zetu wenye mtu wao ng'ambo, aliye hai au aliyefariki, na kinachowazuia si nauli kubwa bali udhuru mdogo mdogo wa kila mwaka. Nauli ya basi hukusanywa kidogo kidogo hata katika chama cha akina mama. Kama nyumbani kwako yuko mzee ambaye hutaja jina la mji fulani kila mara, muulize ana nini huko, kisha mpangie safari angali na miguu.

Mwenyezi Mungu awasahilishie safari zenu, awarudishe salama kwa jamaa zenu, na awarehemu waliotutangulia, wa majini na wa nchi kavu. Amin.

Wabillahi tawfiq.