UCHAMBUZI: Makazi na Kazi kwa Mkimbizi Aliyetambuliwa, Somo la Katumba, Mishamo na Ulyankulu

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Mkoa wa Mara hauna kambi ya wakimbizi. Hata hivyo, wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama wanapaswa kuuelewa utaratibu wa hifadhi, kwa kuwa aliyekuwa mkimbizi na baadaye akapewa uraia ana haki ya kuishi na kufanya kazi popote nchini, ikiwemo kwenye mialo ya Ziwa Victoria na mashamba ya pamba ya Bunda. Aidha, Butiama ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyetunukiwa Tuzo ya Nansen mwaka 1983 kwa mchango wake katika kuwahifadhi wakimbizi.

Kwanza, ni muhimu kutofautisha makundi mawili. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi aliyetambuliwa huishi katika eneo lililotengwa, kama vile Nyarugusu wilayani Kasulu, na hutoka kwa kibali. Akitaka kuajiriwa, anahitaji kibali cha kazi, na mwajiri wake anafungwa na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Kundi la pili ni raia wa tajnisi. Huyu hahitaji kibali cha ukaazi wala cha kazi.

Historia ya nchi yetu inaonesha kwamba hadhi ya kisheria peke yake haitoshi. Wakimbizi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi walipokelewa katika makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyopo sasa Mkoa wa Katavi, na Ulyankulu mkoani Tabora. Walipewa ardhi ya kulima, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijitegemea kwa chakula na kuuza ziada. Waliweza kujikimu muda mrefu kabla ya kupata uraia.

Mwaka 2007 Serikali, kwa kushirikiana na Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), iliwapa fursa ya kuchagua kurejea kwao au kuomba uraia. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba maombi ya watu zaidi ya 162,000 yamekubaliwa. Hata hivyo, utoaji wa vyeti uliambatanishwa na mpango wa kuwahamishia katika mikoa mingine, na utekelezaji ukachelewa. Katika kipindi hicho wahusika hawakuwa na cheti cha kuthibitisha uraia wao mpya, wala hawakuwa na hakika kama mashamba waliyoyafungua yangeendelea kuwa yao. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014, baada ya sharti la kuhama kuondolewa.

Somo linalopatikana hapo ni kwamba uamuzi wa kitaifa hukamilika pale unapofika katika ofisi ya kijiji na ya mtaa. Raia mpya anayetaka shamba Butiama ataomba kwa halmashauri ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Anayetaka kuvua Musoma atahitaji leseni ya uvuvi kama mvuvi mwingine yeyote. Kote huko ataombwa utambulisho, na asipokuwa nao atarudishwa nyumbani hata kama sheria inamlinda.

Wapo wananchi wenye hofu kwamba ardhi na ajira havitoshi hata kwa waliopo. Hofu hiyo ina msingi na haipaswi kupuuzwa. Jibu lake ni kufuata utaratibu ule ule kwa wote: maombi ya ardhi yajadiliwe kwa uwazi katika vikao halali vya kijiji, bila upendeleo kwa mgeni wala kumbagua raia kwa sababu ya asili yake.

Viongozi wa vijiji na waajiri mkoani Mara wanakumbushwa kuzingatia nyaraka, si lafudhi ya mtu. Mwenye cheti cha uraia wa tajnisi ahudumiwe kama raia. Asiye raia aulizwe kibali chake kabla ya kuajiriwa, na panapokuwa na shaka, Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa ipo kwa ajili ya kutoa ufafanuzi.